Maskani ya kigeugeu: namna ya kuieleza mezani

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, msimulizi hueleza dunia ya kubuni, wachezaji huamua wahusika wao wafanye nini, na dadu huamua kama wamefaulu. Msimulizi anayesema "mnaingia pangoni, kuna giza, mifupa imetapakaa" hajaeleza maskani ya kiumbe anayejigeuza sura. Ameeleza pango la simba. Fisi angelala humo, na jambazi pia. Wachezaji wakisikia maneno hayo hushika dadu na kungoja pigano, na hila zote ulizoziandaa kwa wiki nzima zinaishia mlangoni.

Kigeugeu hudanganya kila mahali isipokuwa kwake. Sokoni ni mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kanisani ni mzee wa kwaya, barabarani ni kijana anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Lakini akirudi na kufunga mlango, lazima alale mahali, ale kitu, abadilike, afiche nguo za mtu ambaye si yeye. Vitu vya nyumba hubaki na alama za hayo yote. Kazi ya msimulizi ni kuvionyesha kwa mpangilio utakaowafanya wachezaji waufikie ukweli wenyewe, nusu dakika kabla hujautamka.

Anza na mwili, si na chumba

Usichore ramani kwanza. Chukua karatasi ujibu maswali manne kuhusu kiumbe.

Anageuka kuwa nini, na mpaka wake ni upi? Kiumbe anayeweza kuwa chochote haelezeki, kwa sababu hakuna alama ambayo ni yake. Mpe mpaka mkali: watu aliowahi kuwagusa tu, au wanyama wenye kwato tu, au samani zisizozidi ukubwa wa kabati.

Kugeuka kunachukua muda gani? Anayegeuka kwa kupepesa jicho hahitaji chumba maalumu. Anayechukua dakika kumi huku akigaagaa kwa maumivu anahitaji mahali pa kujishikiza, na mahali hapo pataonyesha.

Kunamgharimu nini? Njaa, joto, ngozi inayobanduka, meno. Gharama ndiyo inayokupa harufu, mabaki na jikoni.

Swali la nne ndilo linalosahauliwa, nalo lina thamani kuliko matatu ya kwanza: ni kitu gani hakibadiliki? Chagua kimoja tu. Hapa tutachukua uzito. Kigeugeu wetu ana kilo 140, awe mwanamume, awe mtoto wa miaka sita, awe mbuzi, na hawezi kuwa mdogo kuliko mbuzi. Tazama kazi inayofanywa na jibu hilo moja. Kiti cha mtoto kimeongezewa vyuma miguuni. Godoro dogo limebonyea katikati kama limelaliwa na watu wawili wazima. Nyayo ndogo kwenye udongo zimezama kuliko nyayo za shujaa mwenye deraya. Hujasema neno "jini" wala "zimwi", na tayari kila mtu mezani ameinua kichwa.

Majibu yakishakamilika, kila kitu unachoweka ndani ya maskani lazima kitokane na mojawapo. Fuvu la mapambo lisilotokana na jibu lolote, litoe. Sheria hii inauma, kwa sababu fuvu ni zuri, lakini wachezaji watatumia robo saa wakilichunguza na hutakuwa na la kuwapa.

Vyumba vitatu vinatosha

Kwa kikao cha saa tatu, maskani ichukue saa moja hivi. Vyumba saba vitakulia kikao chote, na cha nne tu kikifika masikio yamechoka. Weka mahali pa kuonekana, mahali pa kugeukia, na mahali pa kuficha.

Goma, mji wa mashariki ya Kongo kando ya ziwa Kivu, inampa msimulizi jengo ambalo miji mingi haina. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Zipo nyumba za ghorofa ambazo sehemu ya chini ilizikwa, na watu wakarudi, wakasawazisha jiwe, ghorofa ya juu ikawa ndiyo ya chini. Hamisha jengo hilo kwenye dunia yako ya kubuni, mlima uupe jina lingine, lakini mwenendo wa lava uuache ulivyo. Hauhitaji uchawi kuongezwa.

Chumba cha kwanza ni sebule, kwenye ghorofa iliyokuwa ya juu. Kama mnatumia ramani ya miraba ya mita moja na nusu, kipe miraba mitatu kwa mitatu. Chumba cha pili kiko chini ya ngazi: miraba miwili kwa mitatu, na lava imejaza zaidi ya mita moja kutoka sakafuni, kwa hiyo kutoka jiwe hadi dari ni mita 1.7 tu. Ngazi za mwisho zimezama ndani ya jiwe. Mtu mrefu anainama, na silaha ndefu haizunguki. Chumba cha tatu si chumba hasa. Ni mfereji wa lava, lile tundu linalobaki pale ganda la juu linapopoa na kuganda huku lava ya ndani ikiendelea kutiririka mpaka iishe. Upana wake mraba mmoja, unateremka kama mita sita.

Pua kwanza, jicho mwisho

Maneno ya kusoma kwa sauti yasizidi 50 hadi 60 kwa chumba. Hiyo ni karibu nusu dakika kwa Kiswahili kinachosomwa bila haraka. Ukizidisha, mchezaji wa mwisho mezani anafungua simu.

Mpangilio wa hisia ni huu: pua, kisha mguu au ngozi, kisha sikio, na jicho liwe la mwisho. Sababu ni ya wazi. Jicho ndilo ambalo kigeugeu amezoea kulidanganya. Hisia zile nyingine zinafika kwa wachezaji kabla hawajaanza kujihami. Sebule inaweza kusomwa hivi:

"Harufu ya sabuni ya kufulia inawapokea mlangoni, kali mno. Mbao za sakafu zinalia chini ya kila mmoja wenu, na mbele ya kiti cha mtoto zimebonyea kama sahani. Meza imeandaliwa mtu mmoja. Ukutani kuna vioo vitatu: kimoja usawa wa goti, kimoja usawa wa uso, cha tatu karibu na dari. Vyote vitatu vina alama za vidole."

Sabuni inaficha harufu ya ngozi inayobanduka. Hiyo ni gharama. Mbao zilizobonyea ni uzito. Vioo ni mpaka wa sura zake: kuna mfupi, kuna wa kawaida, kuna mrefu sana. Angalia pia kwamba alama za vidole ziko hata kwenye kioo cha usawa wa goti. Mchezaji makini atauliza ni vidole vya ukubwa gani. Jibu lako lazima liwe tayari kwenye karatasi: vya mtu mzima, kwenye vioo vyote. Ukisitasita hapo, atajua hukuwaza.

Chumba cha kugeukia kinahitaji mkono mzito zaidi:

"Mnashuka mmeinama. Joto ni la jikoni baada ya kupika, na kuna harufu ya maziwa yaliyoganda. Jiwe jeusi limeingia kwa dirisha kama ulimi na kugandia katikati ya chumba. Ncha zake kali zimesuguliwa zikawa laini. Kwenye misumari ukutani zimetundikwa nguo za watu tisa. Msumari wa kumi hauna kitu, na ubao unaouzunguka bado ni mweupe."

Yeyote aliyewahi kutembea kwa ndala juu ya lava ya Goma anajua jinsi mawe yale yanavyokula soli. Jiwe la namna hiyo likiwa laini, kuna mwili uliojisugua hapo mara nyingi sana. Usilieleze hilo. Liache. Na ule msumari mpya ndio utakaowafanya wachezaji watazamane, kwa sababu mtu wa kumi anaweza kuwa yeyote kati ya walioketi nao mezani.

Mazuku kama mlinzi wa mlango

Mfereji ule unateremka, na kinachoteremka pembeni ya ziwa Kivu kinaweza kushika mazuku, "upepo mbaya" unaojulikana na kila mwenyeji. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri ambapo hakuna upepo wa kuitawanya. Haina rangi. Mbwa, mbuzi na watoto huanguka kwanza kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi.

Mezani iendeshe kwa urefu, si kwa bahati. Tangaza usawa wake: hapa iko magotini. Mwenge ukishushwa chini ya usawa huo unazimika. Huo ndio utangulizi wako wa haki, nao uutoe kabla mtu hajaumia. Weka mjusi mkavu au panya aliyelala ubavu pale mlangoni. Mhusika aliyesimama yuko salama. Aliyeinama au aliyeanguka, atupe dadu ya uvumilivu kila dakika ya mchezo: ugumu (yaani namba anayopaswa kuifikia) 10, kisha 12, kisha 14, na akishindwa mara mbili anazimia. Anayeinama kumwokoa naye anaingia ndani ya gesi ile ile, na huko ndiko kosa la kweli hutokea. Mateka wako mweke juu ya kingo ya jiwe, mita moja kutoka chini, hai. Kigeugeu hahitaji kumfunga kamba.

Mazuku imeua watu wa kweli pembeni ya mji huu. Uliza meza mapema kama kuna ambaye hataki jambo hilo mchezoni. Akiwepo mmoja, weka maji badala yake, na usimwulize sababu.

Lugha yenyewe inakusaidia

Hapa Kiswahili kinakupa vitu viwili ambavyo Kifaransa hakina.

Cha kwanza ni "a-". Amekaa, analia, amegeuka: hakuna anayejua kama ni mwanamume au mwanamke. Unaweza kumweleza kigeugeu kwa dakika tano bila kufichua lolote. Meza nyingi za Goma huchanganya lugha, na msimulizi akirukia Kifaransa katikati ya sentensi analazimika kuchagua "il" au "elle", na siri imetoka. Maandishi ya maskani yasome kwa Kiswahili kitupu mwanzo hadi mwisho.

Cha pili ni ngeli. Kama kigeugeu wako anaweza kuwa samani, eleza chumba kikawaida, kisha kwenye kitu kimoja badilisha upatanisho: "Meza ipo katikati. Mkeka umekunjwa. Kabati amesimama pembeni." Soma bila kukazia sauti. Mchezaji akikuuliza, "Umesema amesimama?", rudia sentensi ile ile vile vile na unyamaze. Fanya hivyo mara moja tu kwa kikao. Hatari yake iko hapa kwetu: katika mazungumzo ya kila siku tunasema "kabati iko pale" na "mutoto iko pale", kwa hiyo sikio halishtuki. Dawa ni kusoma maelezo yote ya vyumba kwa Kiswahili sanifu, kile cha shuleni na redioni, tangu kikao cha kwanza. Wachezaji wakishazoea kwamba sauti yako ya kusoma ni sanifu, kosa moja litasikika kama jiwe kwenye bati.

Kuna na majina ya heshima. Kwa Kiswahili cha Goma, mhusika mdogo humwita kaka au dada yake mkubwa "yaya". Hamwiti kwa jina tupu. Kigeugeu aliyeiba sura ya mdogo wa mtu anaweza kuwa na sauti, kovu na mwendo wake, halafu gizani akaita jina tupu. Dalili hiyo ina nguvu, ila ipandwe vikao viwili kabla, kwa kumsikilizisha mdogo halisi akisema "yaya" angalau mara tatu.

Vumbi, na ugonjwa wa kupiga kila kiti

Kosa linaloua vikao vingi vya aina hii ni hili: sanduku la kwanza, kumbe ni kigeugeu, linang'ata mtu, na kuanzia hapo wachezaji wanachoma mkuki kila stuli, kila chungu, kila mlango. Dakika arobaini zinapita kwenye ukumbi mtupu. Wasimulizi huwalaumu wachezaji kuwa waoga. Si uoga. Walipigwa bila onyo, kwa hiyo njia pekee waliyoachiwa ni kupiga kila kitu.

Dawa ni dalili moja isiyodanganya kamwe. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linafaa kuliko yote, kwani kila mwenye nyumba Goma anajua: unafuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake. Basi ndani ya maskani kila kitu kina vumbi, ila kitu kilichotembea usiku hakina, au kina duara safi karibu na miguu yake. Taja vumbi kwenye kila chumba, hata pasipo na hatari. Kitu cha hatari usikitajie vumbi. Wachezaji watakosa mara ya kwanza, watakumbuka, na mara ya pili watauliza wenyewe, "Je, kina vumbi?" Hapo umewapa njia ya kufikiri, na mikuki itatulia.

Jambo lolote ambalo bila hilo hadithi haiendelei, usilifungie nyuma ya dadu. Msumari mpya unaonekana na kila mtu. Dadu ziwe kwa ziada: nani aliupiga, lini, kwa mkono gani. Na kwa kila ukweli mkubwa panda dalili tatu sehemu tofauti, maana moja wataipita na nyingine wataielewa vibaya.

Kuhusu dadu zenyewe: katika toleo la tano la mchezo wa Dungeons & Dragons ugumu 10 ni rahisi, 15 ni wa wastani, 20 ni mgumu, kwa dadu ya pande 20. Dadu hiyo haipatikani kila duka. Ukitumia dadu tatu za ludo na kuzijumlisha, wastani ni ule ule, 10.5, lakini usinakili namba bila kuzibadilisha. Kupata 15 au zaidi kwa pande 20 ni asilimia 30. Kwa dadu tatu za ludo ni kama asilimia 9, na wachezaji watashindwa mfululizo bila kuelewa kwa nini. Tumia 13 mahali pa 15 (asilimia 26), na 16 mahali pa 20 (karibu asilimia 5 kwa zote mbili). Au kata vikaratasi 20, viandike 1 hadi 20, vitie kikombeni, na kila kilichochotwa kirudishwe kabla ya mwingine kuchota. Hapo hesabu inalingana kabisa.

Sura ambayo hutampa

Mashariki ya Kongo wanawake wazee na watoto wameshambuliwa na kufukuzwa kwa kusingiziwa uchawi. Kwa hiyo usimfanye bibi mjane wa jirani, mwenye macho mekundu na paka, kuwa ndiye zimwi. Usifanye dalili ya kigeugeu kuwa kabila, lafudhi, kilema au ugonjwa. Si kwamba mchezo umepungukiwa na uhuru. Ni kwamba mtu anayetoka mezani kwako asitoke na zoea la kumtafuta adui kwenye sura ya aina fulani ya watu. Uzito, vumbi, harufu, jina lisilo na heshima: dalili hizo hazimwelekei jirani yeyote.

Njia ya kutokea

Maskani bila mlango wa pili ni mtego wa kigeugeu mwenyewe, na kiumbe mwenye akili hakai mtegoni. Chora njia mbili. Ya kwanza ni ngazi. Ya pili iko mwisho wa mfereji: ufa wa sentimita 40 kwa upana, unaopanda hadi kwenye ukuta wa mawe meusi nyuma ya ua. Utaje mapema, kwa sentensi moja tu, kwamba mtu mzima hawezi kupita. Wachezaji watalinda ngazi na kuacha ufa, kwa kuwa wameupima kwa mabega yao. Kwenye jiwe la mdomo wa ufa, usawa wa goti, acha nywele chache nyeupe za mbuzi, na chini yake alama za kwato zilizozama kwenye udongo kwa kina cha kidole.